Pikapu Iliyobisha Hodi

Juzi nilikuwa nakata kona ya kuingia nyumbani kwangu Mbagala, gari likatoa mlio. Ngo. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa mlio mkavu wa chuma kugonga chuma, ukapanda kutoka miguuni mwangu ukanifikia viganjani kupitia usukani. Nikanyoosha gari, ukanyamaza. Nikakata tena, ngo. Dereva mwingine angekunja uso. Mimi niliegesha kando ya duka, nikabaki nimeushika usukani huku nacheka peke yangu, mpaka muuza duka akatoka kuniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa. Sikumwambia kwamba wakati ule sikuwa Mbagala hata kidogo. Nilikuwa Mtwara, nimejikunja chini ya dashibodi ya pikapu ya kijivu, na Mama ananiambia nisipumue kwa kelele.

Mama yangu alikuwa dereva. Leo mtu hashtuki kusikia hivyo, lakini miaka ile ya ujamaa, kwetu Mtwara, mwanamke anayeendesha gari la serikali alikuwa kitu cha kuitia watoto watoke nje waone. Alijifunza udereva kambini, wakati wa mafunzo ya vijana ya kujenga taifa, kabla hajaolewa. Alipomfuata Baba kutoka Mbinga, Baba akiwa karani bandarini, hakungoja hata alizoee joto la pwani. Alichukua cheti chake, akaenda mwenyewe kwenye yadi ya magari ya serikali, akasema anatafuta gari. Wakamwonyesha mahali pa kusubiri lifti. Akawaambia hapana, anatafuta gari la kuendesha. Kisa hicho Baba alimsimulia kila mgeni aliyefika kwetu Magomeni ya Mtwara, na kila mara Mama alijifanya ana kazi jikoni, ila hakwenda mbali kiasi cha kutosikia.

Walimpa pikapu ya kliniki ya mama na mtoto. Hakuna dereva aliyekuwa akiitaka, maana njia yake ilikuwa ya vijiji vya kando ya Ruvuma, Kilambo, Kitaya na huko mbele, mchanga mtupu wakati wa kiangazi na tope tupu wakati wa masika. Isitoshe, ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Wenzetu wa Msumbiji walikuwa wakipigania nchi yao, na ndege za Wareno zilikuwa zimeshavuka kuja kutupa mabomu upande wetu, kwenye mashamba ya watu. Madereva waliokuwa na ndevu na vifua walikuwa wakiugua ghafla wakipangiwa safari ya Kitaya.

Mama hakuugua. Kila Jumanne alimpakia Nesi Fatuma mbele, na sanduku lake la chanjo ambalo alilipakata njia nzima, na nyuma chini ya turubai ilikaa mizani ya kupimia watoto, maziwa ya unga na dawa za macho. Shule zikifungwa nilipandishwa na mimi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, mwembamba, nakaa katikati yao magoti yakigusana na gia, na nilimtazama Mama kuliko nilivyoitazama njia. Ovaroli ya bluu, kanga kaifunga kiunoni juu yake, harufu ya grisi iliyochanganyika na sabuni ya kufulia. Tulipofika kwenye kona ya mikorosho, kabla tu ya Kitaya, pale alipolazimika kuuzungusha usukani mpaka mwisho, siku zote tuliwakuta kina mama wameshatoka, wamesimama kando ya njia na watoto wao migongoni, wanatupungia. Nilidhani wanaijua Jumanne.

Mlio ulianza mwaka uliotangulia kisa hiki, mara baada ya masika, tena kwa aibu aibu, kwenye kona kali tu. Mama aliusikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Alitia grisi. Mlio ukatulia, kisha ukarudi na nguvu mpya. Miezi ikapita, ukawa sehemu ya gari. Ilipofika kiangazi cha pili pikapu haikuweza kukwepa hata shimo dogo bila kugonga, ngo kushoto, ngo kulia, na mtu aliyesimama kando ya njia aliusikia vizuri kuliko sisi tuliokuwa ndani. Nesi Fatuma alisema gari la Mama Yustina, ndivyo Mama alivyoitwa, limeanza kuvuta uradi. Madereva wenzake pale yadi wakasema stelingi imelegea kwa sababu inashikwa na mikono iliyozoea mwiko. Mama akawajibu kwamba mwiko haujawahi kumlegea, waulize waume zao waliowahi kula kwake. Hawakuelewa haraka, na walipoelewa alikuwa ameshaondoka.

Lakini Bwana Salumu, msimamizi wa yadi, hakuwa na utani na usukani. Alikuwa mtu wa Lindi, mpole, suruali yake imepigwa pasi hata siku za kulala chini ya magari. Aliwahi kuona lori limekatika stelingi likiwa limebeba watu, na alichokiona siku ile hakukisimulia kwa mtu. Mafundi wake walikaza viungo vyote vya chini, vile vinavyoshikana na magurudumu. Mlio ukabaki palepale. Mwishowe alimwita Mama, nami nikiwa nimempelekea chakula cha mchana.

"Mama Yustina," alisema, "mimi sitaki kuja kukuzika. Ijumaa nitaliendesha mwenyewe. Likigonga, nalipandisha juu ya mawe."

Ninyi mliokua wakati ule mnajua maana ya gari kupandishwa juu ya mawe. Spea hazikuwepo. Zilikuwa zinakuja kutoka Dar, na Dar nako zilikuwa zinakuja. Gari likishavuliwa magurudumu na kuwekwa juu ya mawe halikushuka tena. Kuku walitaga chini yake, na watoto wakaja kucheza udereva ndani mpaka viti vikaisha. Na Mama akikosa gari, kila mtu alijua atakapopelekwa. Palikuwa na stuli tupu kwenye korido ya ofisi, karibu na birika la chai.

Mama alisema ndiyo, Bwana Salumu. Akafungua bakuli, akala tonge moja au mawili, akanisukumia lililobaki. Mikono yake ilikuwa imetulia, lakini alikuwa anatafuna chakula ambacho alishakimeza. Sikuwahi kumwona Mama ameogopa kabla ya siku ile. Nilimchukia Bwana Salumu kwa moyo wangu wote, chuki safi ya mtoto, wakati yeye peke yake pale yadi ndiye aliyekuwa na hofu ya kweli juu ya uhai wa mama yangu.

Chakula kilipokwisha Mama hakuchukua spana. Alinifungulia mlango wa pikapu, akaniambia niingie nijikunje pale miguu ya dereva inapokaa. Yeye akakaa juu yangu kitini, miguu kaitoa nje. Akaniambia nikamate chuma kile kirefu kinachoteremka kutoka kwenye usukani, yaani shafti ya stelingi, kwanza juu kabisa, kisha niteremke nacho taratibu kadiri anavyouchezesha usukani. Nikamwambia mlio unatoka chini, magurudumuni, kila mtu anausikia.

"Masikio yanadanganywa na chuma," alisema. "Chuma kinabeba mlio kinaupeleka kinakotaka. Sikiliza kwa kiganja, na usipumue kwa kelele."

Akawa anauchezesha usukani kidogo tu, kulia kushoto, kulia kushoto. Juu sikusikia kitu. Katikati sikusikia kitu. Nilipofika chini kabisa, pale shafti inapotoboa sakafu ya gari kuingia upande wa injini, chuma kilinigonga kiganjani kana kwamba kuna mtu ndani yake. Nikapiga kelele. Mama akateremka, akanitoa, akaingiza mkono wake mahali pa wangu. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, nami nikaona mabega yake yanashuka, yanashuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Palikuwa na bushi pale, kipande cha duara kama bangili nene, kazi yake kuikumbatia shafti isichezecheze. Bushi ilikuwa imelika mpaka imekuwa na umbo la yai. Shafti ilikuwa inacheza ngoma humo ndani, na kila ilipoguswa iligonga ukingo. Bwana Salumu alikuja, akaingiza mkono, akakubali mara moja, wala hakuona haya kukubali. Kisha akasema jambo ambalo Mama alishalijua. Bushi ya namna ile haikuwepo Mtwara, wala Lindi, na ya Dar ingechukua muda ambao Mungu peke yake anaujua.

Nyumbani, wakati wa chakula, Mama aliiweka ile bushi mbovu mezani kati ya bakuli la mchuzi na sahani ya Baba. Baba aliigeuzageuza. Alikuwa mtu wa makaratasi, hakujua hata kufunga tairi la baiskeli, lakini alishinda bandarini na watu wa vyombo, na alikuwa msikilizaji mzuri. Akasema kwamba mabaharia wa zamani walimwambia zile meli ndogo za mvuke, shafti ya pangaboi, lile linalosukuma chombo majini, haikuzunguka ndani ya chuma. Ilizunguka ndani ya mti. Mti mgumu wenye mafuta yake wenyewe, kiasi kwamba maji ya chumvi hayaufanyi kitu.

Mama aliacha kula. "Mti gani?"

Baba akasema huo mti wa Ulaya hakuujua jina. Lakini Mama alikuwa ameshasimama anatafuta kanga yake. Sisi Mtwara hatukuhitaji kuuliza mti mgumu uko wapi. Ulikuwa unatuamsha asubuhi, ukipigwa patasi nyuma ya nyumba yetu.

Mzee Chilumba alikuwa mchongaji wa vinyago. Kibanda chake cha makuti kilipakana na choo chetu, na mimi nilikuwa nikimwogopa kidogo kwa sababu ya nyuso zilizojaa mlangoni kwake na kwa sababu alikuwa na chale usoni, mistari ya Kimakonde iliyokunjamana alipocheka. Aliniita mke wake, kama wazee wanavyowatania wajukuu, na kila siku alitaka kujua nimempikia nini. Mama alimweleza shida yake. Mzee alisikiliza, akachukua bushi, akaichungulia kama darubini, akamtazama Mama kupitia tundu lake.

"Nimechonga shetani," alisema. "Nimechonga wazungu, na Bikira Maria wa wamisionari. Gari sijachonga."

Mama akamwambia si gari, ni bangili ya gari. Jambo hilo likampendeza. Akaeleza kwamba mpingo mbichi hautafaa, utapasuka. Lazima uwe umekauka miaka. Akazunguka kibandani mwake, akagonga hiki na kile kwa kucha, akisikiliza, na mwishowe akasimama mbele ya kinyago kirefu kilichoegemezwa ukutani. Kilikuwa cha wale watu waliobebana, familia nzima wamepanda mmoja juu ya mwingine, wake, watoto, wajukuu, na chini kabisa mzee mmoja aliyechuchumaa ambaye wote wamemkalia. Kilikuwa na ufa juu, ndiyo maana hakikuuzwa. Mzee Chilumba alikilaza chini.

"Nti huu umekauka tangu ntoto wako hajazaliwa," alimwambia Mama. "Na huyu nzee wa chini amewabeba hawa wote, hajalalamika. Stelingi haitanshinda."

Akakata kwa msumeno, chini ya miguu ya yule mzee. Niliona unga mweusi ukianguka mchangani, nikasikia harufu kavu, chungu kidogo, ambayo hadi leo ikinifikia dukani kwa wauza vinyago nasimama. Hakutumia rula. Alipima kwa ukindu, akaufunga fundo, na fundo lile likawa ndilo kipimo. Alichonga, akatoboa, akasugua kwa msasa, na alipomaliza alikitia kile kipande kwenye kopo la mafuta ya nazi lililokuwa likichemka polepole juu ya makaa, kikakaa humo mpaka siku ya pili yake. Magomeni yetu ilinukia kama kuna arusi. Jirani mmoja alileta sahani.

Siku ya kuifunga, Mzee Chilumba alikuja yadi mwenyewe, kavaa koti, kashika patasi zake ndani ya gunia. Hii ndiyo picha ninayoitunza kuliko zote za utoto wangu: Mama kalala chali ndani ya pikapu, miguu yake ya viatu vya kambini imetokeza nje mlangoni, na mzee wa chale kachuchumaa karibu na miguu hiyo, anapokea bangili ya mpingo, anaikwangua kwa kipande cha chupa, anairudisha. "Bado," Mama anasema kutoka ndani. Inatoka, inakwanguliwa kidogo tu, inarudi. "Bado." Hakuna aliyemharakisha mwenzake. Madereva waliokuwa wakitania walikuja mmoja mmoja, wakasimama, wakasahau kutania. Hata Bwana Salumu alikuja na kushika taa, akiielekeza pale Mama anapotaka. Ikarudi tena, na safari hii Mama hakusema bado. Tukasikia nyundo ndogo ikigonga kwa upole, kisha kimya, kisha usukani ukizunguka.

Hakukuwa na kitu. Ulizunguka kama unazunguka majini.

Ijumaa Bwana Salumu aliichukua pikapu akaipeleka mtaa wa Shangani, mlemle mjini, akairudisha kwa njia mbovu kuliko zote, ile ya mashimo. Aliposhuka alifuta mikono yake, ingawa haikuwa na uchafu. Akampa Mama ufunguo na kumwambia, "Gari lako hilo." Mama alisema asante. Alitembea na mimi mpaka nyuma ya jengo la stoo, ambako hakuna mtu, akaniinua, akanizungusha mpaka kiatu changu kikaruka.

Basi Jumanne iliyofuata tuliondoka kwa fahari. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama aliimba njia nzima, nyimbo za kambini, na Nesi Fatuma akaitikia na sanduku lake mapajani. Tulipita Kilambo. Mama aliuzungusha usukani kwa kidole kimoja ili tu tuone. Jinsi gari lilivyokuwa kimya, nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia, mchanga ukisagika chini ya matairi, maziwa ya unga yakitikisika kwenye makopo. Kwenye kona ya mikorosho Mama alipiga honi mara moja, kwa furaha, akauzungusha usukani mpaka mwisho. Hapakuwa na mtu.

Tukaingia kijijini. Hapakuwa na mtu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye mafiga, na chungu kimoja kilikuwa kinafurika na kuzima moto wake. Mchi ulikuwa umeanguka kando ya kinu, na mihogo iliyokuwa ikitwangwa bado imo. Kuku walikuwa wanatembea ndani ya nyumba. Nesi Fatuma alianza kusoma dua kwa sauti ndogo. Nilimshika Mama ovaroli.

Mama alizima injini, akasimama katikati ya uwanja akitazama ule mchi. Nikaona uso wake ukibadilika. Baadaye alituambia alichokuwa anakifikiria: kwamba tangu ndege zilipopita, watu wa Kitaya hawakuwa wakisubiri kujua ngurumo inatoka juu au inatoka barabarani. Wakisikia injini walikimbilia mikoroshoni. Kumbe mwaka mzima ule hawakuwa wakitupokea pale kwenye kona. Walikuwa wamejificha pale, wanasikiliza, na gari likigonga ngo, wanajua ni Mama Yustina, wanatoka.

Mama alikwenda nyuma ya gari, akachukua spana kubwa, akarudi kwa miguu mpaka kwenye kona, mimi na Nesi nyuma yake. Pale kando ya njia lilikuwepo jembe la shamba la ujamaa, limeachwa na mtu aliyekimbia. Mama akaligonga. Ngo. Akangoja, kama mlio wa usukani ulivyokuwa ukingoja. Ngo. Akaita majina ya watoto, wale aliowapima. Ngo. Alikuwa anatokwa jasho na machozi pamoja, wala hakujifuta.

Wa kwanza kutoka alikuwa mzee na mbuzi. Kisha kina mama, mmoja hapa, mmoja pale, majani kwenye nywele. Wengine walikuwa wameanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Wa mwisho alikuwa Somoe. Alikuwa msichana tu, amejifungua wiki ileile, na hakutakiwa hata kutoka nje ya chumba. Alikuja akitembea polepole, mtoto kifuani ndani ya kanga, akasimama mbele ya Mama kabisa.

"Gari lako leo limeingia bila hodi," alisema.

Nesi Fatuma akajitetea kwamba tulipiga honi. Somoe hakumtazama.

"Honi kila gari linayo," alisema. "Ntoto alianza kulia kule. Nilimziba mdomo. Nilimziba kwa mkono huu, mpaka akalegea."

Alifungua kanga. Nesi alimchukua mtoto, akamgeuza, akampuliza usoni, akamsugua mgongo. Sisi wengine wote tulisimama. Kisha mtoto akalia, kilio chembamba chenye hasira, na kina mama wakaachia pumzi zao kwa pamoja. Somoe hakulia. Alikuwa anautazama mkono wake. Mama alikaa chini mchangani pale pale alipokuwa amesimama, na spana ikiwa bado mkononi.

Tukiwa njiani kurudi hakuna aliyeimba. Mama angeweza kuitoa ile bangili ya mpingo, mlio urudi, na gari lipande juu ya mawe. Angeweza kuiacha, akabaki na gari zuri. Alikwenda moja kwa moja mpaka kibandani kwa Mzee Chilumba na kumweleza kila kitu, na mzee hakutania siku hiyo, hata mimi hakuniita mke. Alichukua kipande kilichobaki cha yule mzee wa chini, akachonga kitu kama nyundo fupi. Wakakifunga wao wawili kwa mpira wa tairi chini ya boneti, kwenye ubavu wa bamba la chuma, na kamba ikapita mpaka kwa dereva. Ukiivuta, mpingo unagonga bamba. Mlio ulikuwa karibu sawa na ule wa zamani, ila mtamu zaidi.

Bwana Salumu aliusikia kesho yake getini. Alikuja mbio, akamsimamisha Mama, akainamia dirishani. Mama akamsimulia kisa cha Somoe. Msimamizi yule alisikiliza mpaka mwisho, akaizunguka pikapu, akafungua boneti, akaitazama ile nyundo. Akasema mpira wa tairi utakatika, akaenda kuleta boliti mbili. Alipomaliza kukaza alisema, akijisemea mwenyewe zaidi kuliko kutusemea sisi, kwamba mlio huo si wa stelingi, na yeye alikataza mlio wa stelingi.

Miaka yote iliyobaki ya vita, na mingine baada yake, pikapu ile ilibisha hodi kwenye kona ya mikorosho. Kila Jumanne Mama alivuta kamba, akasimama, injini ikanguruma taratibu, akangoja mpaka atoke mtu wa kwanza ndipo aingie. Mimi nilichojivunia shuleni ilikuwa bangili ya mpingo. Niliwaambia wenzangu kwamba mama yangu alitengeneza stelingi kwa kinyago, na hiyo ilikuwa kweli, na ilinitosha kwa utoto wote. Ile nyundo niliiona ni kichekesho tu.

Mama alizeeka kwangu, hapa Mbagala. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watoto wa mtaani. Hakuingia mahali bila kugonga. Aligonga mlango wa jiko lake mwenyewe, aligonga banda la kuku, kwa kifundo cha kidole au kwa fimbo yake ya kutembelea, mara mbili, polepole, kisha anangoja. Nilidhani ni adabu za kizamani zilizozidi kipimo, na siku nyingine nilimwambia, Mama ingia tu, hapa ni kwako.

Halafu nikajifungua binti yangu wa mwisho. Nilikuwa nimelala naye chumbani mchana, nyumba nzima hakuna mtu ila sisi na Mama, na mtoto akaanza kulia kwa nguvu, nami nikawa nambembeleza ili asimsumbue bibi yake aliyepumzika. Nikasikia fimbo mlangoni. Ngo. Kisha ngo. Mlango ulikuwa wazi, nilimwona kabisa, kasimama nje ya kizingiti kainamisha kichwa, anangoja. Macho yake hayakuwa usoni kwangu. Yalikuwa kwenye mkono wangu, ambao nilikuwa nimeuweka karibu na mdomo wa mtoto.

Nikaondoa mkono. Nikamwambia karibu, Mama, na samahani kwa kelele.

"Mwache alie," alisema Mama, ndipo akaingia.